Mcheri Ukutani kwa Mama Betty

Jumanne baada ya Pasaka, Nduta alifungua studio yake ya picha kama kawaida. Akapangusa kamera, akawasha printa, akachukua ufagio. Chini ya ukuta wa nyuma akakuta takataka nyepesi, nyeupe zenye wekundu wa mbali, zimetapakaa hadi karibu na kiti cha wateja. Alisonya. Ukuta ule ulikuwa umechorwa juzi juzi tu, na Lusweti, fundi aliyeuchora, alikuwa ameapa kwamba rangi itadumu mpaka wajukuu wa Nduta waje kupigwa picha za harusi. Sasa tazama, hata mvua za kwanza hazijaisha.

Akampigia simu. "Lusweti, kuja uone kazi yako."

Lusweti alipanda ngazi na kofia yake yenye madoadoa ya rangi za miaka yote. Alichuchumaa, akaokota kipande kimoja, akakinusa, kisha akakitia mdomoni na kukitafuna taratibu.

"Hii si rangi, Mama Betty," akasema. "Haya ni maua."

"Maua ya nini?"

"Ya mti. Si uliniambia nichore mti?"

Nduta akautazama ukuta. Matawi ya upande wa kushoto, ambayo Lusweti alikuwa ameyachora vitumba tu kwa sababu rangi ilimwishia, yalikuwa yamechanua yote.

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Fagia," Lusweti akasema, akauliza kama kuna chai.

Studio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, katikati ya mji wa Eldoret. Kwa miaka mingi ukuta ule ulikuwa na maporomoko ya maji, na juu ya maporomoko ndege ya abiria, maana zamani wateja walikuwa wakitaka vyote viwili. Simu zenye kamera zilipoingia, wateja wakapotea. Wakabaki watu wa paspoti na watu wa matanga, wanaokuja na kitambulisho cha marehemu wakitaka kiwe picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza. Betty, binti ya Nduta anayefanya kazi Nairobi, ndiye aliyemwambia mama yake abadilishe ukuta, watu wapate sababu ya kupanda ngazi. Ndipo Nduta akampa Lusweti kalenda ya wauza magari ya kutoka Japani, ukurasa wa Aprili: mcheri umechanua mpaka huoni jani.

Lusweti hakuwahi kuona mcheri maishani, lakini hata maporomoko yale hakuwahi kuyaona na aliyachora. Shida yake ilikuwa moja. Picha ya kalenda iliishia kwenye shina. Kwao Kimilili, alisema, mtu hachori mti usio na mizizi, kwani utasimama na nini? Nduta alimwambia aache, wateja hawaji kuangalia mizizi. Lusweti akasubiri Nduta ashuke kununua maziwa, akaichora yote, minene, ikashuka mpaka sakafuni, na kuizunguka akapaka udongo mwekundu wa kule kwao. Baadaye hoteli moja ya mjini ilimwita akachore mti kama ule ukumbini. Wale walikataa kabisa mizizi, wakasema inachafua. Mti wao ulibaki rangi tu.

Basi mti wa Nduta ukachanua, Nduta akafagia. Wa kwanza kuketi mbele yake siku hiyo alikuwa Mideva, mwenye saluni ya mlango wa pili, aliyetaka picha ya kuweka kwenye simu. Alijipodoa, akakaa upande, akatabasamu. Picha ilipotoka, Mideva alikuwa amependeza, mcheri ulikuwa umependeza, lakini ukuta haukuwepo. Nyuma ya Mideva palikuwa na migomba, kuku, na jiko la nyasi lililobonyea upande mmoja. Mcheri ulikuwa umesimama hatua chache tu kutoka mlango wa jiko.

"Ai, hapa ni kwetu Vihiga," Mideva akasema. "Na hili jiko mbona bado liko na nyasi? Si nilituma mabati?" Akaivuta picha karibu na macho. Nyuma kabisa, nyumba ya kaka yake Felix ilikuwa inang'aa kwa mabati mapya. "Mwizi huyu!"

Akapiga simu nyumbani palepale, simu ikiwa mezani kwenye spika, mikono ameiweka kiunoni.

"Mama, huko kumeota mti?"

"Umeota," mama yake akajibu. "Karibu na jiko. Saa hii tu nilikuwa napeta mahindi, nikageuka, huo. Kuku wameupenda sana."

"Na mabati yangu?"

Mama yake akaanza kueleza habari za mvua.

Hivyo ndivyo watu walivyojua. Ukikaa mbele ya mcheri wa Mama Betty, picha inatoka na kwenu nyuma, na huko kwenu mti unaota siku hiyohiyo. Habari zikaenea saluni, zikashuka kwa waendesha boda boda, zikafika vyuoni. Vijana wakaja kwa makundi na simu zao, wakapiga picha matawi, wakapiga maua sakafuni, wakalala chali chini ya mti kwa zamu. "Mathe, hii bakgraundi ni moto sana," wakamwambia Nduta, naye akawaambia watoe viatu. Mwalimu mmoja wa sanaa alikaa siku nzima na penseli akichora maua yanavyoanguka, akaondoka hajaridhika, akarudi kesho yake. Waliozaliwa mtaa wa Langas, palepale mjini, walitoka na Langas nyuma yao, mtaro na yote. Wengine walifurahi, wengine walilalamika. Bwana mmoja alikuja na mchumba wake wapigwe picha ya kadi za harusi, na picha ilipotoka, nyuma yao alikuwepo mwanamke amesimama mlangoni, mtoto kiunoni, ameweka mkono juu ya macho kama anayemtafuta mtu barabarani. Waliteremka ngazi kila mmoja kwa wakati wake. Nduta aliweka picha ile bahashani, na hakuna aliyerudi kuichukua.

Felix, kwa taarifa, hakurudisha mabati.

"Na wewe Mama Betty, mbona hukai?" Mideva alimwuliza. "Watu wote wa hili jengo wamekaa. Hata soja wa mlangoni."

"Mpiga picha hajipigi," Nduta akajibu.

Haikuwa kweli, na Mideva alijua.

Ukweli ni kwamba Nduta aliogopa. Aliogopa kitu kimoja, na alikuwa amekiogopa tangu ile Januari mbaya ya baada ya uchaguzi, yeye na Betty walipotoka kwao Burnt Forest usiku na nguo walizovaa. Nyumba ilichomwa, nyumba aliilia, yakaisha. Ng'ombe aliwalia, yakaisha. Hati ya shamba ilikuwa bado sandukuni mwake, na kila alipoipeleka kwa wakubwa aliambiwa arudi Jumatatu, hata hilo akalizoea. Kitu asichoweza kukizoea ni kwamba mume wake alikuwa amebaki kule. Gichuru alikufa kwa ugonjwa wa sukari miaka miwili kabla ya vurugu, akazikwa shambani kwake, upande wa mtoni, kama watu wanavyozikwa kwao. Kaburi lilikuwa la udongo tu, na msalaba wa mwerezi. Saruji ingewekwa baada ya mavuno, halafu baada ya mavuno mengine, halafu wakafukuzwa.

Waiyego, aliyekuwa jirani yao kule na sasa wanaabudu pamoja, alisema siku moja baada ya ibada kwamba kwake wamelima kote. "Pale nilimzika mama mkwe, sasa ni kabichi," akasema, akakoroga chai yake. Tangu siku ile Nduta hakuwa na amani. Akienda Nairobi kwa Betty, gari likifika Burnt Forest, anageuza uso upande ule mwingine wa barabara mpaka wapite. Akisikia trekta, moyo unamruka. Mume wa mtu, mtu aliyekuwa anavua kofia akiingia jikoni, apitiwe juu na plau kila mwaka, mifupa itupwe pembeni na mawe! Afadhali asijue. Kwa hiyo alikaa nyuma ya kamera, akawapiga picha wenzake, akafagia.

Mwezi wa saba, katikati ya juma, alipanda ngazi mama mmoja wa makamo, amevaa gauni jipya la kijani na sweta juu yake. Alisimama mlangoni akapangusa matope kwenye viatu kwa makini.

"Chamgei," akasalimia kwa Kikalenjin.

"Chamgei, Mama. Karibu."

Alijitaja kuwa Chepkorir. Alikuwa ameleta viazi sokoni, vikaisha mapema, na kijana wake anaoa Desemba. "Sebuleni kuna picha ya mzee, kuna picha za watoto, hata ya ng'ombe wa kwanza kupata zawadi kwa maonyesho. Mama hayuko. Wageni watasema hawa watoto walizaliwa na nani?"

Nduta akacheka, akamkalisha. Chepkorir alikaa wima, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Maua mawili matatu yakamwangukia begani na hakuyapangusa. Nduta akapiga mara moja, akapiga tena, akaenda kwenye printa.

Karatasi ilitoka taratibu, kama inavyotoka siku zote, kuanzia juu. Kwanza mawingu. Kisha mstari wa miti ya sipresi, na mmoja wao umekatika kichwa. Nduta akashika meza. Ule mti ulipigwa na radi Betty akiwa darasa la pili. Likafuata tangi la saruji, na ubavuni mwake ule ufa alioziba Gichuru kwa mikono yake. Mahali pa nyumba yao palikuwa na nyumba nyingine, mabati ya buluu. Mti haukuwa umeuliza mambo ya hati. Uliulizwa kwao Chepkorir ni wapi, ukajibu. Kisha mahindi, yamefika kiunoni, meusi kwa mbolea, yameteremka kote kote kuelekea mtoni. Nduta alitaka kuizima printa. Mkono ulikataa.

Halafu ikatoka ile sehemu ya mtoni. Mistari ya mahindi ilikuwa imenyooka, imenyooka, ikafika mahali ikapinda. Ilizunguka, ikaacha uwanja wa majani mafupi, ikanyooka tena upande wa pili. Katikati ya majani palikuwa na msalaba, mweupe. Mcheri ulikuwa umeota palepale, upande wa miguu, maua yake yameanza kuangukia majani.

"Imetoka vizuri?" Chepkorir aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Imetoka," Nduta akasema. Akampelekea. Alisubiri aitazame, ashangilie gauni lake, aseme uso umekuwa mpana. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa mbona hamlimi?"

Chepkorir akainamia picha. "Hapo? Hapo kuna mzee amelala."

"Mzee gani?"

"Hatumjui. Tulimpata hapo. Mwenye trekta alitaka kupita juu, mimi nikasimama mbele, nikamwambia zunguka. Kila mwaka anazunguka na kila mwaka analalamika mafuta."

"Na baba watoto?"

"Huyo alisema hapo kunapotea mahindi. Nikampa jembe. Nikamwambia, haya, lima wewe na mkono wako, mimi nakuangalia. Hakulima." Chepkorir akainua mabega. "Utalimaje mtu?"

Nduta aliiacha picha mikononi mwa Chepkorir. Alikaa kwenye benchi la wateja wanaosubiri, akajifunika uso kwa aproni, akalia. Hakulia kwa uchungu. Alilia kama anavyolia mtoto aliyepotea sokoni akirudishwa, kwa raha na kwa hasira ya kuogopa bure miaka yote ile. Gichuru alikuwa mzima! Alikuwa amekufa, ndiyo, lakini alikuwa mzima, pale alipomwacha, hakuna aliyemgusa. Chepkorir alimwangalia, akaangalia picha, akaangalia tena mama yule, na polepole akaelewa.

"Ni wako," akasema.

"Ni mzee wangu."

"Woi." Chepkorir akaja akakaa karibu naye kwenye benchi. Mideva alichungulia kutoka saluni na kitana mkononi, akarudi zake.

"Msalaba tulipaka rangi mwaka jana," Chepkorir akasema. "Jina lilikuwa limeisha na mvua. Mwenye kupaka aliniuliza aandike nini, nikamwambia aache hivyo. Anaitwa nani?"

"Gichuru. Gichuru Kinuthia."

Chepkorir akatoa simu, akampa aandike mwenyewe isije ikakosewa. Nduta akaandika, akafuta, akaandika tena. Akaandika na namba yake.

Picha ikatiwa kwenye fremu, fremu ikafungwa kwa gazeti. Chepkorir akaichukua kwapani, akafika mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Mama, sisi tulinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mimi sikumwuzia mtu."

"Najua," Chepkorir akasema. Akashuka ngazi, akishika ukuta, kwa sababu zile ngazi ni mbaya wakati wa mvua.

Usiku ule Nduta alilala mpaka asubuhi. Betty alipompigia simu akamwambia, baba yako yuko sawa. Betty aliuliza yuko sawa vipi, akaelezwa, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja hukohuko ofisini. Mideva naye aliletewa soda. Lusweti alipopita kuutazama mti wake akakuta amewekewa chapati, na hakuambiwa ni za nini, akala zote.

Mwezi wa nane Chepkorir akapiga simu. "Kesho mzee anaenda mnada wa ng'ombe, atarudi jioni. Ukitaka, kuja."

Nduta alivaa nguo ya kanisani. Alishuka Burnt Forest, na mara hii aliangalia upande aliotaka kuuangalia. Akaifuata njia kwa miguu, bila kuuliza mtu. Alipofika akakuta geti, jipya, la chuma. Zamani palikuwa na miti miwili tu ya kuburutwa. Akabisha hodi kwenye shamba lake, akasimama kando ya barabara akingoja afunguliwe.

Chepkorir alifunga mbwa kwanza. Kisha akamtangulia katikati ya mahindi, ambayo sasa yalikuwa yamewapita kimo, hadi ule uwanja. Mcheri ulikuwa umejaa nyuki. Majani yalikuwa yamefyekwa asubuhi ile, harufu yake ilikuwa bado mbichi. Msalabani mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi GICHURU KINUTHIA, herufi za mwisho zikabanana kwa kukosa nafasi.

"Nitakuwa huko juu," Chepkorir akasema, akamwacha.

"Gichuru, ni mimi," Nduta akasema. Akakaa chini, akavua viatu. Akamwambia habari za Betty, kazi yake, na yule kijana Isaiah aliyekuja kujitambulisha na viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo. Akamwambia tangi bado linashika maji. Akamwambia aliogopa sana, na kwamba sasa haogopi. Maua yalimwangukia yeye, yakauangukia msalaba, yakauangukia udongo, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hakufikiria ufagio. Alijisikia mwepesi. Angeweza kukaa pale mpaka jioni, lakini jioni palikuwa na mwenyewe.

Chepkorir alimwita chai. Ilikuwa chai nzito ya maziwa, na maji yake yalikuwa ya tangi lile. Nduta aliijua ladha yake kabla hajameza. Waliongea juu ya harusi ya Desemba, juu ya bei ya mbolea, juu ya nyuki, kwamba huenda pakafaa mzinga. Ukutani, kati ya mzee na ng'ombe, Chepkorir alikuwa amekaa wima katika gauni lake la kijani, na nyuma yake shamba lote.

Wakati wa kuondoka, Chepkorir alimwambia asubiri kidogo. Mgeni hatoki mikono mitupu, kwao hivyo na kwa kina Nduta hivyohivyo. Akaingia shambani, mahindi yakasikika yakivunjwa, akatoka na mfuko umejaa, mabichi, ndevu bado zina unyevu.

"Ni kidogo tu," akasema. "Ya kuchoma."

Nduta aliupokea kwa mikono miwili. Akasema asante, Mama, Mungu awazidishie. Geti likafungwa nyuma yake, akaenda barabarani kungoja gari la kurudi mjini.